RAFIKI AO MBIO? JIBU KWA MWENZETU



Mu bulletin ya mwisho mbele ya vakansi, mwenzetu mumoja aliandika kwamba mutu wa mbio ya mbali hana rafiki, iko na saa ya mukono tu. Akaongeza neno hili: "Mugeni mwenye kuamka na kutoka inje mbele ya wenye nyumba ni mugeni mubaya. Akienda kutembelea watu, aache viatu vyake vya mbio ku nyumba." Mu dortoir watu walicheka sana, na mimi pia nilicheka. Kisha vakansi ikafika, nikaenda Likasi juma moja kuona rafiki wangu wa 8e, wale tuliosoma pamoja mbele wazazi wangu hawajahama. Nilibeba viatu. Leo ninaomba nafasi mu gazeti letu ili nimujibu mwenzetu. Sitamujibu kwa hasira, kwa sababu upande moja alisema kweli, na upande ingine alikosa. Nitaeleza pande zote mbili.

Kwanza mujue programu. Mbio ya 10 km ya masomo iko karibu, na mwalimu wetu wa gymnastique alikuwa ameniandikia juma lote ku karatasi:

Siku ya kwanza: 8 km polepole.
Siku ya pili: 800 m mara 6 kwa nguvu, na kati yao mbio ndogo ya kurudisha pumuzi. Pamoja na kupasha mwili moto na kumaliza polepole, ni 10 km.
Siku ya tatu: 6 km polepole.
Siku ya ine: 10 km, na katikati dakika 20 kwa nguvu.
Siku ya tano: kupumzika.
Siku ya posho: 16 km, pasipo haraka.
Siku ya Mungu: kanisa na kupumzika.

Jumla ni 50 km. Nilifika Likasi na karatasi hii mu mufuko kama vile mutu mwenye kubeba barua ya serikali.

Siku ya kwanza ilienda vizuri. Mu mwezi wa 7 asubui ya Likasi ni baridi, nyasi ni kavu, na vumbi haijapanda bado kwa sababu ma-camion ya madini haijawa mingi ku barabara. Nilitoka 5 h 30, nikarudi, watu walikuwa wangali wanafagia lupango. Hakuna mutu aliyesumbuka. Mangaribi mama wa rafiki yangu akatupikia bukari, sombe na samaki, tukakula kabisa, kisha tukakaa kusimulia habari za zamani mpaka usiku wa kati. Mwalimu aliyetuazibu, mutihani wa hesabu, siku ile mvua ilibomoa paa ya klasi: yote ilipita.

Siku ya pili, ku kiwanja ya mupira, nilianza 800 m zangu. Ya kwanza, muzuri. Ya pili, muzuri. Ya tatu, tumbo ikaanza kulia. Ya ine nilimaliza nikiinama chini, mikono ku magoti. Nikaacha pale. Nilirudi na hasira, na mbele ya kunawa nikamuambia rafiki yangu: "Ile chakula ya jana njo iliniua." Sikujua kama mama alikuwa nyuma ya mulango wa jikoni.

Mangaribi ile nilikula matonge mbili tu, nikasema nimeshiba. Asubui ya siku ya tatu nilitoka tena, nikapiga 6 km zangu, nikarudi. Mama alikuwa amekaa ku kiti kidogo, chai iko tayari, mandazi iko tayari. Nikasema: "Aksanti mama, nitakunywa maji tu." Akaniangalia, akasema pole kabisa:

- Mwana, bukari yangu iko na sumu?

Ndugu wasomaji, mutu aweza kupiga kilometa 16 bila kuchoka, lakini swali kama hili linakata miguu. Mama huyu aliamka mbele ya watu wote juu ya mugeni wake. Alinunua samaki mu mwezi ambamo feza ni kidogo. Na mimi niliangalia sahani yake kama vile mutu anaangalia adui. Nilipiga magoti, nikaomba radhi. Nikamueleza kosa ni yangu: nilikula mingi, nililala kidogo, kisha nikataka miguu inifanyie mwujiza. Akacheka kidogo. Akasema: "Basi kula, na kesho uniambie saa ya mbio yako, nitajua saa ya kupika." Nilikunywa chai na nikamaliza mandazi yote.

Hapa mwenzetu alisema kweli. Kuko watu wa mbio wenye kufanya programu kuwa mungu mudogo. Wanachagua chakula ya watu, wanalala mbele ya wageni wengine, wanaangalia saa wakati mutu anawasimulia kilio chake. Huyo si mukimbiaji hodari. Ni mutu asiyefundishwa vizuri. Na tena, kwa upande wa mwili alikosa pia, kwa sababu bukari haiko adui wa mbio. Nguvu ya mbio ya mbali inatoka mu vyakula vya unga, ambavyo mwili unavigeuza kuwa sukari na kuiweka akiba mu misuli na mu maini. Wakenya wenye kushinda mbio za dunia wanakula ugali kila siku, na ugali ni bukari yetu ile ile. Tumbo inaomba kitu kimoja tu: saa mbili ao tatu za kutulia mbele ya mazoezi ya nguvu, na siyo kuijaza usiku wa kati.

Sasa nisikilizeni upande ambao mwenzetu alikosa.

Siku ya ine alifika rafiki yetu wa tatu. Wenye tulisoma naye wanamukumbuka: mu 8e alikuwa wa kwanza ku mbio zote za masomo. Mimi nilikuwa wa tatu, wa ine, siku ingine wa sita. Sikumushinda hata siku moja. Baba yake alipokufa, minerval ikakosa, akaacha masomo. Leo anachimba madini na wakubwa wake, upande wa Kambove. Aliposikia ninafanya antrenema akasema: "Leo twende wawili, nikuonyeshe vumbi." Alivaa kambambili. Nikaweka karatasi ya mwalimu mu sanduku, tukaenda.

Kilometa ya kwanza alikuwa mbele, na nilifurahi, kwa sababu niliona tena mugongo ule niliokuwa ninaufuata zamani. Kilometa ya pili tukawa sawa. Ku ya tatu akasimama. Alikohoa mpaka machozi ikatoka. Akakaa ku jiwe, akasema: "Pumuzi ilibakia mu shimo." Vumbi nyembamba ya mawe inaingia mu mapafu na haitoki upesi, kila mutu wa Katanga anajua mutu moja mwenye kukohoa hivi. Tulirudi kwa miguu, polepole. Njiani aliniuliza mambo mengi: ya masomo, ya mutihani wa taifa, ya hesabu. Mbele tuachane aliniambia: "Weye usiache. Mwenye iko na pumuzi na anaikalia, huyo ananikasirisha kuliko mwenye ananishinda."

Siku ile nilipiga kilometa 3 pa nafasi ya 10. Ni mazoezi ya maana kuliko yote ya vakansi yangu.

Mwenzetu anasema: acha viatu ku nyumba, juu ya kupenda rafiki. Mimi ninajibu: kama ningeacha viatu ku nyumba, rafiki yule hangeniambia neno lile. Tungekaa ku viti, tungekunywa munkoyo, tungecheka, tungeachana. Ni mbio njo iliyotutoa ku lupango wawili, ikafungua kinywa chake. Na tena, kuacha zawadi yako juu ya kupendeza watu si upendo. Kuko wenye wangependa kuwa na nusu ya pumuzi yako, na haiko tena.

Siku ya tano nilipumzika, nikasaidia rafiki yangu kupeleka unga ku soko. Siku ya posho ilikuwa zamu ya 16 km. Rafiki yangu hapigi mbio, lakini alikopa kinga ya muyomba wake, akanifuata. Yeye alikuwa anapiga pedali polepole, mimi ninapiga mbio, tunasimulia njia nzima. Ku kilima alishuka kusukuma kinga, na mimi nilimungojea juu. Nilimaliza bila kuona kama ni 16. Kumbe mwalimu alikuwa ametuambia zamani: mu mbio ya polepole mutu lazima aweze kusema maneno yote bila kukata. Akishindwa kusema, anaenda mbio kupita kiasi. Angalieni basi ile programu yangu: mara 5 za mbio, mara 3 ni za polepole. Maana yake, mara 3 ku 5, rafiki haiko kizuizi. Ni yeye kipimo! Saa ya mukono inaweza kukudanganya, lakini masimulizi haidanganyi.

Na mu dunia ya mbio, wakubwa walijua jambo hili. Emil Zátopek wa Tchécoslovaquie, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, mwaka 1952, alishinda 5 000 m, 10 000 m na marathon, na marathon ile ilikuwa ya kwanza katika maisha yake. Alijulikana kwa kusema na watu hata katikati ya mbio. Kisha, katika miaka ya 1960, Ron Clarke wa Australia alifika Prague. Clarke alikuwa amevunja rekodi nyingi za dunia, lakini zahabu ya Olimpiki hakuipata hata moja. Wakati wa kuagana Zátopek akamupa medali yake moja ya zahabu ya Helsinki. Hivyo mukimbiaji alipokea mugeni! Na Eliud Kipchoge wa Kenya, alipomaliza 42,195 km chini ya saa mbili ku Vienna, mwezi wa 10 mwaka 2019, kwa 1 h 59' 40", wakimbiaji 41 walimusaidia kwa zamu, wakikata upepo mbele yake. Na hapa kwetu Kongo, Makorobondo Salukombo, muzaliwa wa Kirotshe mu Kivu ya Kaskazini, aliishi na kusoma Marekani, lakini alirudi kufundisha vijana wa kwao mbio. Mwaka 2016 alipiga marathon ya Rio, na Beatrice Kamuchanga, binti wa Kongo, alipiga 5 000 m ku Michezo ile ile. Hawa wote si watu wasio na rafiki.

Hesabu ya mwisho: pa nafasi ya 50 km nilipiga 40. Je, nilipoteza? Hapana. Siku mbili tatu za kupunguza hazimalizi miezi ya kazi, mwili hausahau upesi hivyo. Juma lililofuata, ku kiwanja, miguu yangu ilikuwa nyepesi. Lakini kama ningeharibu moyo wa mama yule, hakuna 800 m ingenirudishia.

Kwa hiyo mawazo yangu ni haya. Mukimbiaji aende kwa rafiki na viatu vyake, lakini mbele ya yote aseme na wenye nyumba saa ya kutoka na saa ya kurudi. Akule anachopewa, na ashukuru. Mazoezi ya nguvu, afanye moja tu ao mbili kwa juma, mapema asubui. Ile ya polepole, aifanye na watu: kwa miguu, kwa kinga, na mwenye kujua, na asiyejua. Na kama siku ingine rafiki yuko na lazima, karatasi ilale mu sanduku.

Neno moja tena kwa sisi wote wa hapa. Kila klasi iko na mutu mumoja aliyekuwa mbele yetu na hakurudi ku mwanzo wa mwaka, juu ya minerval. Sisi tulipanda nafasi moja ku liste, tukafurahi. Mimi nilikuwa wa tatu, nikawa wa pili, na sikumuuliza mutu: yule wa kwanza alienda wapi? Ningependa timu yetu ya mbio ifungue mulango siku ya posho kwa wale walioacha masomo, na kwa wasichana pia wenye kuogopa kuchekwa. Kiwanja hakiombi minerval.

Mwenzetu, siku ya posho inayokuja nitapiga 8 km polepole mpaka ku muto na kurudi. Ninakualika. Kama hupendi mbio, kopa kinga. Tutamaliza mabishano yetu njiani, na ukiona ninashindwa kukujibu, utajua ninaenda mbio kupita kiasi.

Mumoja wa watu wa mbio, 3e humanités