Mashua kuukuu hainunuliwi kwa picha

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Cheptais, kaunti ya Bungoma, chini ya Mlima Elgon, anakosomesha. "Shikamoo mjomba. Nimepata mashua." Aliipata kwenye simu: picha nne, rangi mpya ya samawati inang'aa, imekaa mchangani huku Kwale. Bei shilingi 280,000, na muuzaji anasema kuna mteja mwingine anamngoja. Mkopo wa sacco ulikuwa tayari. Mashua hiyo ndiyo iwe riziki ya nduguze wawili waliobaki nyumbani bila kazi, naye yuko zaidi ya kilomita 800 kutoka baharini.

Nilimwambia asitume hata shilingi moja mpaka fundi aione.

Mpwa wangu hayuko peke yake. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, mikoko ikiwemo. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kuiondoa marufuku hiyo, lakini muulize fundi yeyote wa mashua kama bei ya mbao imerudi ilikokuwa. Mbambakofi na mvule ni za kutafutwa. Kwa hiyo mnyonge anayetaka chombo hatundi kipya, ananunua cha mwenziwe. Soko hilo la vyombo vikuukuu halina mizani wala msimamizi, na hapo ndipo watu wanapoliwa.

Jambo la kwanza ni kuiona mashua chini. Subiri bamvua, maji yatoke, ipwelewe, kisha uingie chini yake na fundi ambaye si rafiki wa muuzaji. Rangi mpya na shahamu nzito zisikupumbaze, huenda zimepakwa kuficha. Gonga ubao kwa nyundo: mzima hulia, uliooza hunyamaza. Chomeka ncha ya kisu kwenye mkuku na mbao za chini, hasa palipo na vitundu vya yule mdudu wa baharini anayekula mbao kwa ndani. Alama za kutu zinazochuruzika zinakwambia misumari imekwisha. Kisha panda ndani, inua sakafu, ukague mataruma moja moja hadi ngamani. Ubao mbovu hubadilishwa. Taruma zikivunjika nyingi, au mkuku ukipinda, hiyo si mashua tena, ni kuni.

Baada ya hapo itiwe majini. Chombo kilichokaa juani msimu mzima wa kusi hufunguka mbao, na siku ya kwanza kitavuja. Hilo lisikutishe. Mbao zikinywa maji hufura na kujifunga. Lakini ikiwa siku ya tatu bado mnafua maji bila kupumzika, kalafati imekufa au kuna ubaya zaidi. Kama ni boti ya faiba, kanyaga kila mahali usikilize panapobonyea, na utikise ubao wa nyuma unaobeba mashine. Mashine yenyewe iwashwe ikiwa baridi. Ukiikuta tayari ina joto, jua kuna aliyehangaika nayo kabla hujafika.

Sasa bei. Wengi huuliza "wenzake wanauza ngapi?" wakaishia hapo. Hesabu ya sawa ni hii: chukua bei ya chombo kama hicho kikiwa kizima, toa gharama ya mbao, misumari, pamba na fundi, kisha toa siku ambazo hakitavua kikiwa juu ya magogo. Tuseme kizima ni 280,000, matengenezo ni 90,000, na mwezi mzima wa kaskazi utapotea. Ukilipa hata 190,000 bado umepunjwa, kwa sababu huo mwezi wa samaki umeulipa wewe. Na ukumbuke kwamba mwenye chombo hali samaki wote: hutolewa gharama, hupata mabaharia, hupata nyavu, ndipo lije fungu la chombo. Fungu hilo ndilo litakalolipa sacco.

La mwisho halionekani kwa nyundo. Mashua nyingi zinazouzwa leo ni za marehemu. Mtoto mmoja anauza, wengine wako Mombasa au Uarabuni hawana habari. Ukinunua hivyo umenunua kesi. Taka leseni na usajili wa chombo, hakikisha nambari iliyoandikwa ubavuni ni hiyo hiyo, uliza kwa BMU ya bandari hiyo, na mauziano yashuhudiwe na warithi wote. Dini yetu imemtaka muuzaji ataje aibu ya bidhaa yake mwenyewe. Asiyetaja anakula haramu, hata kama mnunuzi aliridhika.

Ndiyo maana nasema BMU zetu ziache kuwa za kuandika kilo za samaki tu. Kila bandari ina mafundi wanaojulikana. Iwekwe siku moja kila bamvua, ada ndogo, fundi akague, iandikwe karatasi yenye ubovu na makisio ya matengenezo. Mamlaka ya usafiri wa baharini na idara ya uvuvi ya kaunti ziitambue karatasi hiyo. Serikali inayotuimbia uchumi wa buluu itashindwaje na karatasi moja? Chombo kibovu hakimfilisi mnunuzi peke yake, kinazama na watoto wa watu.

Fundi niliyempeleka alikuta taruma tatu zimekatika na ubao wa kando ya mkuku umelainika kama mkate. Na muuzaji alipoulizwa kuhusu dada zake, alikasirika. Mpwa wangu aliumia, maana alishawaahidi nduguze. Nikamwambia pesa ya sacco bado iko, na kaskazi itarudi inshallah. Chombo cha kuzama hakina usukani, lakini hiki tulikiona kingali mchangani.