Koti Zito Si Ngao

Kila inapokaribia likizo ya Agosti, vijana wengi wa shule zetu hujiandaa kupanda Mlima Kenya, na kila mwaka husikika usemi ule ule: mwenye koti zito hana haja ya kuogopa baridi, na asiye nalo, moyo wa ushujaa utamtosha. Usemi huu una sehemu mbili, na zote mbili ni uongo. Nakusudia kuupinga hapa bila haya, maana mimi mwenyewe niliuamini, na imani yangu ilikaribia kumpotezea mtoto wa watu uhai wake.

Miaka michache iliyopita niliongoza wanafunzi kumi na wawili kwa njia ya Naro Moru. Kabla ya safari niliyakagua makoti yao kwa kuyabinya, kama mnunuzi abinyavyo maembe sokoni. Kijana mmoja alikuwa na koti zito kuliko wote, nikamsifu mbele ya wenzake. Chini ya koti hilo alivaa fulana ya pamba na suruali ya jinzi, hayo sikuyauliza. Siku ya pili tulipanda mteremko wa kinamasi, ukungu umetuzunguka na manyunyu yakitunyea. Kijana yule hakulivua koti lake tangu asubuhi, akatoka jasho kama mkulima shambani. Jioni tulifika kambini, kwenye mita 4,200 hivi. Jua lilipotua alianza kutetemeka. Kisha ulimi wake ukawa mzito, na miguu ikajikwaa mahali pasipo na jiwe.

Mpagazi wetu mmoja ndiye aliyetambua hatari. Alimvua nguo zote zilizolowa, akamvika sweta kavu ya sufu iliyokuwa yake mwenyewe, akamtia katika mfuko wa kulalia, na alipoweza kumeza vizuri akamnywesha chai ya moto yenye sukari. Kijana alipona. Lile koti nililolisifu lilining'inia hemani likichuruzika maji, zito kuliko lilivyokuwa asubuhi. Na mpagazi yule, ambaye sikuwa nimeuliza hata mara moja amevaa nini, alikesha bila sweta yake.

Basi kosa lilikuwa wapi? Kosa ni kudhani kwamba koti hutoa joto. Koti si moto. Joto latoka mwilini, na kazi ya nguo ni kulizuia lisitoroke. Kizuizi chenyewe si unene wa kitambaa, bali ni hewa tulivu iliyonaswa ndani yake na kati ya nguo na nguo. Maji yakiingia mahali pa hewa hiyo, joto hutoroka upesi mno, kwani maji hupitisha joto kama mara 25 zaidi ya hewa tulivu. Pamba hunywa jasho, hulishika, na hukauka polepole. Avaaye pamba mlimani akatoka jasho, amejifunga kitambaa cha maji kifuani.

Mwenye busara huvaa nguo tatu zenye kazi tatu. Ya ndani huwa nyepesi na hugusa ngozi. Iwe ya sufu laini au poliesta, ili iliondoe jasho mwilini. Ya kati hutunza joto: sweta ya sufu, au jaketi lililojazwa manyoya laini ya bata au nyuzi za kiwandani. Manyoya ni mepesi na yana joto jingi, lakini yakilowa hushikamana na kupoteza nguvu. Nyuzi hustahimili unyevu zaidi, na sufu pia huhifadhi joto kiasi hata ikilowa. Kwa mlima wenye ukungu na mvua kama wetu, mwenye jaketi moja tu na achague la nyuzi. Nguo ya nje huzuia upepo na mvua. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Nguo nazo husaidiana vivyo hivyo. Kisha mvaaji awe mwepesi wa kuvua kabla hajatoka jasho, na mwepesi wa kuvaa kabla hajahisi baridi. Koti moja zito halimpi hiari hiyo.

Sehemu ya pili ya usemi ni ile ya ushujaa. Kwa wastani, kila upandapo mita 1,000 joto la hewa hupungua kama nyuzi 6 au 7 za Selsiasi. Kilele cha Lenana, chenye mita 4,985, kimeuzidi mji wa Nanyuki kwa mita 3,000 hivi. Yaani huwa na baridi zaidi kwa nyuzi kama 20. Baridi hiyo haimjui shujaa wala mwoga. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, akili huanza kufifia, na akili ikififia ushujaa hauna pa kukaa.

Wako watakaosema kwamba mavazi haya ni ya matajiri. Nawakumbusha Felice Benuzzi na wenzake wawili, Waitaliano waliokuwa wafungwa wa vita karibu na Nanyuki. Mwaka 1943 walitoroka kambini, na wawili kati yao wakafika Lenana, kwa vifaa walivyojitengenezea kwa siri miezi mingi. Hawakuwa na duka wala fedha. Walikuwa na fikira. Nasi tunayo masoko ya mitumba, Gikomba na kwingineko, yaliyojaa sweta za sufu. Kijana wangu alikuwa ameiacha jezi yake ya poliesta ya kuchezea mpira ndani ya sanduku bwenini. Ingemfaa kuliko ile fulana ya pamba, na isingemgharimu hata senti moja.

Kwa hiyo, wanafunzi, mwalimu wenu akiyabinya makoti yenu na kuusifu unene wake, mwulizeni kwa adabu: “Mwalimu, mbona hukutazama tulichovaa ndani?” Akiwa mwalimu kweli, hatakasirika. Na akishamaliza kuwatazama ninyi, mwombeni awatazame na wapagazi.