Themostati Haina Hatia

Haya, leo sina kodi ya kuwaonyesha. Leo nataka kugombana na watu, na watu wenyewe ni wengi: mafundi wa majiko, wauzaji wa majiko, na wewe ndugu msomaji unayesema "oveni imekufa" kabla hujaiuliza swali hata moja.

Oveni nyingi ninazoona zikipakiwa kwenye tuktuk hapa Gakoromone kupelekwa kwa fundi zimehukumiwa bila ushahidi. Mshtakiwa wa kwanza huwa themostati. Keki haikuiva? Themostati. Imeungua chini? Themostati. Kesho ni elementi. Keshokutwa unaambiwa ununue jiko jipya, "hizi za siku hizi ni feki." Katika kazi yangu, mtu anayebadilisha mistari ovyo mpaka programu ikubali kwenda hatumwiti mhandisi. Tunamwita mcheza kamari. Sasa mbona jikoni tunamlipa?

Nina jirani, mama anayeoka keki za kuuza karibu na soko. Si mapambo hayo, ndiyo karo ya watoto. Jiko lake ni lile la kawaida la gesi tatu na stima moja, oveni ya stima chini. Kwa miezi kadhaa keki zake za jioni zilikuwa zinatoka mbichi katikati. Fundi alikuja mara tatu: themostati mpya, elementi mpya, kisha themostati nyingine kwa sababu ile ya kwanza "ilikuwa ya China." Nilipomuuliza maswali, jambo alilonijibu kwanza kabisa lilitosha kumwachilia themostati huru.

"Mama, asubuhi huwa inaoka vizuri?"

"Asubuhi haina shida kijana wangu. Ni jioni tu."

Jamani! Themostati iliyoharibika haisomi saa. Kitu kinachofanya kazi saa kumi na mbili asubuhi na kukataa saa kumi na mbili jioni kinaguswa na jambo lililo nje yake. Nilichukua multimita nikapima volti mahali pawili jioni ile ile, oveni ikiwa imewaka. Kwenye mita ya stima ya ploti: 228. Kwenye soketi ya jikoni kwake: 196. Volti 32 zimeliwa njiani. Waya unaotoka kwenye mita ni mwembamba, wa milimita 1.5, ule wa taa, umezunguka ploti nzima, na njiani unalisha saluni yenye draya ambazo jioni huwa hazipumziki.

Sasa tupige hesabu kidogo, msikimbie. Elementi ni waya wenye ukinzani, basi. Nguvu yake hufuata volti mara volti. Elementi ya wati 2,000 imeandikiwa volti 240. Ukiipa 196, haikupi asilimia 82 ya joto kama unavyodhani. Gawanya 196 kwa 240, zidisha jibu kwa lenyewe, utapata kama theluthi mbili. Yaani wati 1,330 hivi. Huo ni moto wa kukausha mkate, si wa kuoka keki nne kwa mpigo. Na zile volti 32 hazikupaa mbinguni. Zimegeuka joto ndani ya waya, ukutani, nyuma ya kabati. Hapo ndipo nilipoacha kucheka, maana ploti ile ina watoto wanaolala.

Na ushahidi wote ulikuwa mbele ya fundi, bila multimita. Oveni yako ina taa ndogo, mara nyingi ya rangi ya machungwa. Inawaka wakati elementi inapashwa, inazimika joto likifika ulipoagiza, kisha inawaka tena likishuka. Hiyo taa ndiyo logi yako. Isome! Ikiwa haizimiki kabisa na chakula hakiivi, themostati bado inaomba joto na joto halifiki: volti ndogo, elementi dhaifu, au mlango unaovuja. Ikiwa inazimika upesi na ndani bado ni vuguvugu, hapo sasa unaweza kumshuku themostati. Hata hivyo, kwanza angalia kile kijiti cha shaba chenye umajimaji ndani (ndicho kinachopima joto), kisije kikawa kimetoka kwenye kishikio chake na kuegemea mahali penye moto zaidi. Kwa mama huyu taa haikuzimika jioni nzima. Fundi aliiona mara tatu.

Joto lenyewe pima, usikisie. Kama huna kipimajoto cha oveni, sukari ipo. Sukari nyeupe huyeyuka karibu na nyuzi 186. Weka kijiko kimoja kwenye foili, oveni kwenye 175, ngoja dakika 15: isiyeyuke. Pandisha hadi 200: iyeyuke. Ikifanya kinyume, umejua kosa liko upande gani, na hujamlipa mtu senti.

Kuna kisa kingine kinachoniudhi zaidi. Oveni nyingi zenye saa ya tarakimu hukataa kupasha stima ikipotea na kurudi, mpaka uweke saa upya au uirudishe kwenye hali ya mkono. Saa inawaka-waka sifuri, taa ya ndani inawaka, lakini hakuna joto. Hitilafu hakuna, ndivyo ilivyoandikiwa. Nawajua watu waliolipa fundi kubonyeza vitufe viwili.

Na ile inayoangusha swichi kuu kila ukiiwasha baada ya kukaa miezi bila kazi? Ndani ya elementi mna unga wa magnesiamu oksidi, nao hunywa unyevu wa hewa. Mwezi wa Julai hapa Meru unajua hewa ilivyo. Mara nyingi elementi ikikaushwa vizuri inapona. Lakini hapo mwite fundi wa umeme apime kwanza kama inavuja, usiendelee kurudisha swichi kwa ubishi. Na tafadhali, haya yote si ya maikrowevu. Ile usiifungue hata ikiwa imechomolewa, kapasita yake inaweza kubaki na maelfu ya volti.

Nusu ya lawama nyingine iende kwa hewa yetu. Tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 95. Keki iliyopimiwa Mombasa ikiokwa hapa hufura haraka kisha hubonyea katikati. Punguza bekingi pauda kabla hujashtaki jiko.

Najua mafundi watanijia juu. Mkinisikiliza vizuri, siwaiti wajinga. Fundi wa jua kali anayerudisha uhai kwenye jiko bila mchoro wowote ana kichwa kuliko wengi niliosoma nao digrii ya kompyuta. Tatizo ni kwamba tunamlipa kwa kipuri, hatumlipi kwa kufikiri. Akikaa saa nzima akipima na kusema "jiko lako ni zima, rekebisha waya," tunamwambia, "Sasa fundi, si hujafanya kitu?" Basi naye amejifunza kufanya kitu.

Na huo mchoro uko wapi? Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyonunua. Mimi nasema mchoro wa saketi ni habari hizo. Badala yake unapewa kijitabu kilichojaa onyo, katika lugha sita, Kiswahili hamna. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengeneza vifaa, inayobana watengenezaji kwa baadhi ya bidhaa za nyumbani. Sisi tunaletewa majiko na kuambiwa waranti inakufa ukigusa skrubu.

Mwenye ploti ameambiwa kuhusu waya, amesema ataona. Kwa sasa mama anaoka alfajiri, kabla saluni haijafungua. Mimi nilichomoa jiko lake Jumamosi, nikafuata waya mmoja mmoja, nikachora saketi nzima kwenye karatasi, na maelezo kwa Kiswahili. Nimeibandika nyuma ya jiko kwa selotepu. Fundi akija ataikuta.