Goti Lipimwe Linapofanya Kazi

Mgonjwa aliyevunjika paja kwa ajali ya bodaboda, akalazwa wiki kadhaa mguu ukivutwa kwa uzito, aghalabu huondoka wodini mfupa ukiwa umeunga na goti likiwa limekakamaa. Katika faili lake huandikwa "anaendelea vizuri". Kufikia wapi? Mkulima wa Ngara au Biharamulo harudi kwenye kiti cha ofisi. Anarudi kwenye jembe la mkono, mkungu wa ndizi, njia ya kilimani na choo cha shimo.

Kutembea kwenye sakafu tambarare huhitaji goti likunjike takribani nyuzi 60 hadi 70. Kuchuchumaa kikamilifu huhitaji zaidi ya nyuzi 120. Aliyefikia nyuzi 90 atatembea mbele ya daktari pengine bila kuchechemea, apongezwe, kisha akwame chooni usiku akiwa peke yake. Aibu hiyo haiingii katika faili.

Vihisi vya mwendo vingeweza kuifichua. Ni vifaa vidogo vinavyofungwa mwilini kwa mkanda. Ndani yake mna sehemu inayopima mchapuko, ambayo hutambua pia mvuto wa dunia, na jairoskopu inayopima kasi ya mzunguko. Kimoja kikifungwa pajani na kingine kwenye muundi, tofauti ya mielekeo yao ndiyo pembe ya goti, saa yoyote, hata shambani.

Visitukuzwe kupita kiasi. Makosa madogo ya jairoskopu hujilimbikiza. Ngozi na misuli husogea juu ya mfupa. Mkanda ukikaa upande, pembe nayo hupotoka. Vinavyotegemea pia dira ya sumaku huchanganywa na chuma, na vitanda vya wodi nyingi ni vya chuma! Asiyejua kupima kwa mkono hataokolewa na kihisi.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ni goniomita, ule upimapembe wa plastiki usiohitaji umeme. Itumike kila hudhurio, mgonjwa akiwa katika mkao uleule, na ikiwezekana apimwe na mtu yuleyule, kwani wapimaji wawili huweza kutofautiana kwa nyuzi 5 bila yeyote kuzembea.

Wapo watakaosema zahanati inayokosa glavu haina haja ya vihisi. Hoja hiyo ni nzito, na fedha za glavu zisiguswe. Lakini simujanja nyingi tayari zina vihisi vya aina hiyohiyo, na safari ya kwenda Hospitali ya Kanda ya Bugando, Mwanza, hugharimu familia mbuzi au akiba ya msimu. Muuguzi aliyefundishwa akipima kwa simu na kumtumia mtaalamu vipimo, goti lililoganda kwenye nyuzi zilezile wiki hadi wiki litajulikana mapema, wakati mazoezi bado yanaweza kulirudisha, kabla halijahitaji upasuaji. Anayeendelea kukunjika abaki nyumbani na nauli yake.

Kifaa kinachofuata mwendo wa mtu siku nzima hujua mengi kuliko goti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika hapa: mgonjwa aelezwe, akubali au akatae, na asomewe namba zake kwa lugha anayoielewa. Kabla ya kufungwa mkanda wowote, aulizwe choo cha kwake kikoje.