Taa ya kijani isiwafiche wakurugenzi

Agosti 2020, OCC, mdhibiti wa mabenki ya kitaifa nchini Marekani, aliitoza Capital One faini ya dola milioni 80. Mwaka mmoja kabla ya hapo, ilibainika kuwa mvamizi alikuwa amepenya katika hifadhi ya benki hiyo kwenye wingu la Amazon na kuchota taarifa za watu wapatao milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Canada. Alipitia programu ya kuzuia wavamizi iliyokuwa imepangwa vibaya.

Kinachokera zaidi ni hiki. Capital One ndiyo iliyotunga Cloud Custodian, programu inayokagua mipangilio ya wingu bila mkono wa mtu, kisha ikaitoa bure kwa ulimwengu mwaka 2016. Wajuzi wa kazi hiyo walikuwa ndani ya benki yenyewe. Hata hivyo, OCC iliilaumu kwa kutoshughulikia ipasavyo tahadhari za mifumo yake. Ilisema wakaguzi wa ndani hawakuuona udhaifu mwingi, na kwa mengine waliyoyaona wakayasema, bodi haikuwawajibisha watendaji.

Tunayasema haya kwa sababu siku hizi kila kampuni inayohamishia ghala lake la data kwenye wingu inajisifu kwamba mashine inalikagua usiku na mchana. Inakagua nini hasa? Chukua Redshift, ghala la data la Amazon. Kanuni moja ya AWS Config, huduma ya Amazon ya kukagua mipangilio, huitazama klasta, yaani kundi la kompyuta (nodi) zinazobeba ghala, na kuuliza kama data imesimbwa na kama kumbukumbu za ukaguzi zimewashwa, na ukitaka, aina ya nodi. Basi. Klasta iliyo wazi kwa intaneti nzima inaweza kupita mtihani huo na kuwaka kijani, kwani swali la uwazi lina kanuni yake ya pekee, na asiyeiwasha haulizwi. Kumbukumbu nazo zina mtego wake: ukiziwasha utajua nani aliingia, lakini kujua aliiuliza nini hifadhidata kunahitaji swichi ya pili, ambayo kanuni hiyo haiigusi.

Amazon nayo haikwepi lawama. Redshift iliingia sokoni Februari 2013. Ilipofika Januari 2025 ndipo kampuni ilipoamua kwamba klasta mpya zianze maisha zikiwa zimefungwa: zisifikike kutoka nje, data isimbwe, muunganisho usio salama ukataliwe. Kwa karibu miaka 12 mteja ndiye aliyeachiwa mzigo wa kukumbuka, na baadaye akauziwa huduma, inayotozwa kwa kila tathmini, ya kumwambia alichosahau. Klasta za zamani hazikuguswa na mabadiliko hayo. Zipo zilivyo, zikimsubiri mtu.

Hatari hii si ya Redshift pekee. Mwaka 2024 wavamizi waliingia katika maghala ya wateja wa Snowflake, kampuni nyingine ya maghala ya data kwenye wingu, kwa nywila zilizoibwa, nyingine zikiwa zimevuja tangu 2020. Wachunguzi wa Mandiant walisema taasisi zipatazo 165 zilitahadharishwa. Rekodi za simu na ujumbe za karibu wateja wote wa simu za mkononi wa AT&T zilichukuliwa. Sababu zilizotajwa zinatia aibu: akaunti hazikuwa na hatua ya pili ya uthibitisho, nywila zilizovuja hazikubadilishwa, na hapakuwa na orodha ya anwani za mtandao zinazoruhusiwa. Kasoro za namna hiyo programu huzibaini kwa sekunde chache. Lakini mashine inayotoa ripoti isiyo na mwenyewe ni mlinzi anayepiga filimbi katika mtaa usioamka.

Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ulinzi ujengwe ndani ya mfumo tangu mwanzo. Adhabu yake ndiyo legevu: faini ya juu anayoweza kutoza Kamishna wa Data ni Sh5 milioni au, kwa kampuni, asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kipi ni kidogo. Kwa benki kubwa hizo ni pesa za chai.

Msimamo wetu hauna kona. Ukaguzi wa mashine uwe lazima kwa kila ghala lenye data za wananchi, lakini usihesabiwe kuwa ukaguzi mpaka kila kasoro iwe na jina la mhusika na tarehe ya mwisho ya kuirekebisha. Kasoro inayopita tarehe ipelekwe mezani kwa bodi na iandikwe katika kumbukumbu za kikao. Wakubwa waache kumtoa kafara kijana wa zamu wa idara ya teknolojia. Ofisi ya Kamishna ikibisha hodi, isiridhike na cheti kilichotundikwa ukutani. Iombe orodha ya kasoro zilizoonekana na kuachwa. Bunge nalo lirekebishe kifungu cha 63 cha sheria hiyo, kinachoweka faini hiyo, ili ipimwe kwa kiasi kilicho kikubwa.