Kula peke yako si uchoyo wala si aibu



Mwaka huu msikitini kwetu, hapa Elerai, nilimwona kijana mmoja ambaye kila siku baada ya swala ya Adhuhuri hubaki bombani akinywa maji mengi, kisha huegemea nguzo mpaka saa ya kurudi kazini. Ni mzaliwa wa Kondoa, mwenye umri wa miaka 22, amekuja Arusha kusaidia kuuza duka karibu na soko la Kilombero. Mwanzo nilidhani amefunga Sunna, lakini aliyefunga hanywi maji mchana. Nikamuuliza iwapo tajiri wake hampi fedha ya chakula. Akatoa noti mfukoni, akanionesha. Fedha alikuwa nayo, na njaa pia alikuwa nayo.

“Ustadhi,” akasema, “nikiingia hotelini peke yangu nahisi kila jicho limenigeukia. Mkono unatetemeka, kijiko kinagonga sahani. Nikifika mlangoni narudi.”

Hapo nilifanya kosa ambalo leo nalikiri mbele ya wasomaji. Nilicheka, nikamwambia kuwa mwanamume hafi njaa mbele ya mlango wa hoteli. Kwa muda wa wiki nzima hakuonekana msikitini. Kijana alinifunulia siri yake mara moja, nami nikamrudishia ile ile dhihaka aliyokuwa akiiogopa. Nilipompata tena nilimwomba msamaha, kisha nikarudi vitabuni kutafuta jambo la kumwambia.

Nililipata katika Suratun Nur, aya ya 61. Mwishoni mwa maelezo ya nyumba ambazo mtu anaruhusiwa kula, Mwenyezi Mungu anabainisha kuwa hapana ubaya kwa Waumini kula kwa pamoja au kula mbalimbali. Wengi wetu tumeisoma aya hii mara nyingi bila kujiuliza ni nani aliyekuwa akiona ubaya kula peke yake. Wafasiri, akiwemo Ibn Kathir, wamenukuu kutoka kwa Qatada kuwa palikuwa na watu katika kabila la Bani Kinana ambao tangu zama za Jahiliyya waliona ni fedheha mtu kula akiwa peke yake. Ilifikia hadi mmoja wao akiswaga ngamia wake waliojaa maziwa viwele, huku yeye mwenyewe ana njaa, asionje kitu mpaka ampate wa kula na kunywa naye.

Sisi wa huku Meru hatuhitaji kwenda mbali ili kuielewa hali hiyo. Kwa mila ya majirani zetu Wamaasai, morani hanywi maziwa peke yake. Sharti awepo morani mwenzake. Nasi Waswahili tuna msemo wa kizuri kula na nduguyo, na tumelelewa kwamba anayekula akimwona mtu hupaswa kumkaribisha. Hizi ni desturi njema. Mtume (rehema na amani zimshukie) naye alifundisha kuwa chakula cha wawili huwatosha watatu, na masahaba waliolalamika kuwa wanakula wasishibe aliwaelekeza wakusanyike kwenye chakula chao na kulitaja jina la Allah. Hakuna anayepinga kuwa sinia lenye mikono mingi lina baraka.

Lakini desturi njema ikigeuka kuwa pingu, sheria huilegeza. Mwenyezi Mungu hakuwalaumu watu wale kwa ukarimu wao. Aliwaondolea dhiki tu. Basi yule ambaye mazingira yamemweka peke yake, kama mjane, msafiri, mwanafunzi wa chuo, kibarua aliye mbali na kwao, ruhusa yake imekwisha kutolewa na Mola wake. Haombi ruhusa nyingine kwa wateja wa hoteli.

Wapo watakaosema kuwa kijana huyu ana haya, na haya ni sehemu ya imani. Ni kweli kuwa haya ni sehemu ya imani, na Mtume (rehema na amani zimshukie) ametufundisha kuwa haya haileti ila kheri. Ndiyo maana yatupasa tupambanue. Haya humzuia mtu na lililo ovu. Hofu hii humzuia na lililo halali: kula, kuuliza swali darasani, hata kusimama safu ya mbele. Bibi Aisha (radhi za Allah ziwe juu yake) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Kinachomlaza mtu na njaa ilhali ana fedha halali mfukoni hakistahili kuitwa haya.

Waganga wa maradhi ya nafsi nao wanaitambua hofu hii. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 1980 uliiorodhesha kama maradhi, na miongoni mwa mifano yake ni woga wa kula mbele ya watu. Kisha mwaka 2000 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na watafiti wenzake walichapisha jaribio lenye mafunzo. Mwanafunzi alivishwa fulana yenye picha ya mwimbaji aliyemwonea aibu kuonekana naye, akaingizwa katika chumba chenye wenzake. Walipoulizwa, waliovaa fulana hiyo walikadiria kuwa karibu nusu ya waliokuwemo wameitambua picha. Waliotambua hasa walikuwa takriban robo. Macho tunayoyahisi ni mengi kuliko macho yaliyopo. Wateja wa hoteli wanatazama sahani zao, bei, na saa ya kurudi kazini.

Nilikaa na kijana wetu tukapanga hatua ndogo ndogo. Achague mgahawa mmoja tu, asihamehame. Aende saa 5 asubuhi, kabla ya msongamano wa mchana. Akae kwenye kiti cha pembeni, mgongo ukielekea ukutani. Wiki ya kwanza aagize chai na chapati moja, ya pili wali na maharage, kisha ndipo ajaribu saa 7 mchana. Ajue atakachoagiza kabla hajaingia. Aseme Bismillah, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Adabu hizo zinampa mkono na moyo kazi ya kufanya. Simu isiwe pazia la kujifichia.

Juu ya yote asitoke mbio moyo unapodunda. Hofu hupanda, kisha hushuka. Anayekimbia ikiwa kileleni huondoka akiamini kuwa mlango ndio uliomwokoa, na kesho huogopa zaidi. Anayebaki mpaka itulie huona kuwa hakuna kilichomdhuru.

Ikiwa hofu imemkatisha mtu masomo, kazi au swala ya jamaa, aende akawaone wataalamu wa afya ya akili katika hospitali. Dua na tiba havigombani. Mtume (rehema na amani zimshukie) alijikinga kwa Allah na hamu na huzuni, na pia aliamuru watu wajitibu.

Nasi wengine tuna sehemu yetu. Tusimkodolee macho aliye peke yake mezani, wala tusimuulize dada aliyekaa pembeni na sahani yake, “Mbona uko peke yako, mumeo yuko wapi?” Tumkaribishe kwa neno moja, na akijibu “starehe” tumwache. Wazazi, mnapokwenda na watoto mgahawani, mwacheni mtoto aagize chakula chake kwa kinywa chake na kulipa kwa mkono wake. Mtoto anayesemewa kila kitu hadi umri wa kuoa, siku moja atajikuta katika mji wa watu, na hatakuwepo wa kumsemea.

Alhamisi iliyopita niliingia katika mgahawa ule mchana, watu wamejaa. Kijana wetu alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, mbele yake sahani ya ndizi kwa nyama. Alipandisha uso akaniona, akasema, “Karibu, Ustadhi.” Kijiko hakikugonga sahani. Nikamjibu, “Starehe, mdogo wangu,” nikaenda kukaa meza nyingine, nikaagiza changu, nikala peke yangu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaondolee hofu wenye hofu, na atujaalie sisi tusiwe sababu ya hofu zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.