Sabato na Kalenda ya Serikali

Wakristo walio wengi husali Jumapili kwa kuukumbuka ufufuo wa Yesu. Wasabato hushika siku ya saba, yaani Jumamosi. Mwaka 2011 Serikali ya Samoa, visiwa vilivyomo katika Bahari ya Pasifiki, iliifuta Ijumaa ya tarehe 30 Desemba ili kalenda yake ilingane na ya Australia na New Zealand kwa ajili ya biashara. Wananchi walilala Alhamisi, wakaamka Jumamosi.

Hapo Wasabato wakafarakana. Kanisa lao liliendeleza hesabu yake ya siku saba, na Sabato ikaangukia siku inayoitwa sasa Jumapili. Baadhi ya waumini walikataa, wakaishika Jumamosi ya kalenda mpya.

Hapana budi tutambue kwamba majina ya siku ni mapatano ya wanadamu: sisi Waswahili twaiita ya mosi siku ambayo kwa Msabato ni ya saba. Serikali ina haki ya kupanga siku za kazi na bandari, lakini siku ya ibada ni amana ya waumini. Kwa hiyo yawapasa viongozi wa visiwani kushauriana nao kabla ya kutoa amri.